Asali ya Mbuba na Barua Zilizotupwa

(Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya barua. Siyo barua za stempu na bahasha, bali barua pepe, na hususan zile ambazo wafanyabiashara huwapelekea wateja wao kila mara kuwaeleza kuna bidhaa gani, bei yake ni kiasi gani na inapatikana wapi. Hapana shaka wewe mwenyewe umekwisha kuzipata. Hoteli uliyolala usiku mmoja tu miaka minne iliyopita bado inakuandikia. Benki inakuandikia. Duka la viatu la nchi usiyowahi kufika linakuita kwa jina lako la kwanza, kana kwamba mlicheza chandimu pamoja utotoni.

Mimi nilikuwa nazifuta bila kuzisoma, na jambo lenyewe nisingelijali, lau si simu niliyopigiwa kutoka Mbuba.

Kwa wale wasiopajua, Mbuba ni kata katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, upande ule ambako nchi yetu inapakana na Rwanda na Burundi. Ndiko kwetu. Watu wengi wa mijini walilisikia jina la Ngara kwa mara ya kwanza mwaka 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi. Tangu hapo ukisema watoka Ngara unaulizwa habari za wakimbizi. Huulizwi habari za ndizi, wala maharage, wala kahawa, wala asali.

Asali ndiyo iliyoleta simu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki. Ni watu ishirini na wawili, wengi wao akina mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Habari za huko?"

"Si nzuri, mjomba. Asali imekaa stoo, na watu wametutukana."

Nikamwambia anieleze pole pole. Mwaka uliotangulia kikundi kilikuwa kimempeleka kwenye maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam. Akaonjesha watu asali kwa kijiko, na kila aliyeipenda akaandika jina lake na anwani yake ya barua pepe katika daftari. Aliondoka na majina 212. Hayo, ndugu msikilizaji, yalikuwa mali kuliko fedha alizouza siku zile, ingawa yeye mwenyewe hakujua hivyo, na mimi pia nisingejua.

Asali mpya ilipopatikana, akaona majina 212 ni machache. Kijana mmoja wa mjini akamwuzia orodha ya anwani 2,000 kwa shilingi elfu themanini. Akatunga barua moja. Alikwisha kuambiwa kwamba sanduku la bure la Gmail halikubali kupeleka kwa watu zaidi ya 500 kwa siku, kwa hiyo akaipeleka kwa mafungu ya mia nne mia nne, siku hadi siku. Wale wa Sabasaba aliwaandikia kwanza, wote kwa mkupuo mmoja, na anwani zao zote akaziweka mahali pa kuandika jina la mpokeaji. Maana yake ni kwamba kila mmoja wao aliziona anwani za wenzake 211. Mfanyabiashara mwingine wa asali alikuwamo katika daftari lile. Hakulala, siku ya pili aliwaandikia wote.

Nikamwomba anipelekee ile barua niione. Kichwa chake kilisema: OFA! OFA! OFA KABAMBE! USIKOSE!!! Ndani yake ilianza, "Mpendwa mteja wetu wa thamani", ikaendelea na mwaka wa kuanzishwa kwa kikundi, jina la mwenyekiti, dira na dhamira. Neno asali nililikuta katika aya ya tatu. Chini yake palikuwa na kiambatisho, bango la rangi lenye uzito wa megabaiti saba, ambalo mtu mwenye bando la kupima hawezi kulifungua bila kuguna. Nikalifungua. Bango lilisema bei ni nafuu. Bei yenyewe haikuandikwa.

Kutokana na anwani zote zile alipata wateja wawili. Waliomtukana walikuwa wengi zaidi. Lakini hasara kubwa haikuonekana mara moja: alipowaandikia tena wateja wake wa siku zote, wenye maduka wawili wa Mwanza na mwenye hoteli mmoja, hawakujibu. Barua zao zilikuwa zimeangukia katika sanduku la taka, na hawakuziona kabisa. Ndoo za asali zikabaki stoo wakati wazazi walizitegemea kwa nauli, godoro na sare za watoto wanaokwenda shule za bweni.

Sasa tuulize, barua inatupwaje takani kabla mwenyewe hajaiona? Nilidhani kuna mtu mahali fulani anayezisoma. La hasha. Makampuni yanayotunza masanduku ya barua yana mitambo inayoweka kumbukumbu ya tabia ya kila mpelekaji. Ukipeleka kwa anwani nyingi zilizokufa, kama zilivyo aghalabu zile za kununuliwa, unaandikiwa alama mbaya. Mtu akibofya pale panaposema barua hii ni taka, alama mbaya nyingine. Barua zako zikikaa bila kufunguliwa wala kujibiwa, nayo pia huhesabiwa. Mwishowe mtambo unaamua kwamba wewe ni msumbufu, na uamuzi huo unawapata hata wale wanaokutaka. Mpwa wangu alinunua watu 2,000 wasiomjua, wakamharibia jina kwa wale 212 waliomjua.

Ugonjwa huu una umri. Mwaka 1978, mwezi Mei, Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital huko Marekani, alipeleka tangazo moja kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Watu walikasirika na wakubwa wa mtandao wakamkemea. Kosa lake na kosa la mpwa wangu ni lile lile. Tofauti ni kwamba Thuerk hakuwa na mtambo wa kumwandikia alama.

Na siku hizi mitambo imezidi ukali. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawataka wanaopeleka barua kwa wingi wathibitishe kwamba ni wao kweli. Kwa Google, sharti zima linamhusu anayepeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa wenye sanduku la Gmail: lazima awe na njia ya mtu kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko yasifike matatu katika kila barua elfu. Wadogo nao hawakusamehewa uthibitisho. Uthibitisho wenyewe una majina ya kutisha, SPF, DKIM na DMARC, lakini mambo yake ni mepesi. La kwanza ni orodha ya matarishi: unatangaza ni mitambo ipi yenye ruhusa ya kubeba barua kwa jina lako. La pili ni muhuri unaoonyesha kuwa barua haikuchezewa njiani. La tatu ni agizo kwa mpokeaji, afanye nini akiona tarishi si wako au muhuri haulingani.

Ndiyo maana nilimshauri aachane na sanduku la bure kwa kazi hii. Kikundi kikanunua anwani yake chenyewe, inayoishia na .co.tz, na kikajiandikisha katika moja ya kampuni zinazofanya kazi ya kupeleka barua kwa wateja. Zipo nyingi. Mailchimp ya Marekani iliyoanza mwaka 2001 ni maarufu, nazo nyingine zinafanana nayo. Kampuni hizi humpelekea kila mtu barua yake peke yake, kwa hiyo lile kosa la kuanika anwani za watu halitokei tena. Na zenyewe zinakataza orodha za kununuliwa, maana zinalinda jina lao.

Lile kosa la kuanika anwani lisichukuliwe kuwa dogo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi. Alikupa kwa kazi fulani, na ana haki ya kukuambia usiitumie tena kumtangazia biashara. Nilipomsomea mpwa wangu habari hizo alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama atafungwa. Nikamwambia aanze kwa kuomba radhi.

Akawaandikia wale 212 barua fupi, akasema alikosea, akaeleza alichokosea, na akauliza nani bado anataka habari za asali ya Mbuba. Waliojibu ndiyo walikuwa 118. Wengine wote akawafuta. Mwenyekiti wa kikundi alimshangaa, kufuta karibu nusu ya wateja! Lakini mtu asiyejibu alikuwa amekwisha kuondoka; jina lake tu ndilo lililobaki katika daftari.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuandika, na hapo mimi nami nikaumbuka. Nilijitolea kutunga barua ya kwanza. Mimi ni mtu wa zamani, nililelewa na barua zinazoanza kwa kumtakia mtu afya, kisha hali ya hewa, kisha mifugo, na mambo yenyewe yanakuja baada ya "ama baada ya salamu". Nikaandika: "Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya njema kama sisi tulivyo huku." Baada ya saa moja simu ikalia.

"Mjomba, barua yako nzuri, lakini sijaona asali."

"Ipo chini, mama."

"Chini hakuna anayefika. Angalia simu yako kabla hujaifungua."

Nikaangalia. Ni kweli. Katika simu ya mkononi, ambako ndiko watu wengi wanakosomea barua, mtu huona kwanza vitu vitatu: jina la mpelekaji, kichwa cha barua, na maneno machache ya mwanzo. Kwa vitu hivyo anaamua kufungua au kufuta. Barua yangu ilionyesha jina la kikundi lililoandikwa kwa herufi za kifupisho zisizojulikana na mtu, kichwa kilichokatwa katikati, na kwamba natumaini u mzima wa afya. Salamu ni jambo la heshima, siipingi, lakini ilikuwa imekaa mahali pa asali.

Kichwa kilichokubaliwa baada ya mabishano kilikuwa hiki: Asali mpya ya Mbuba, ndoo 40 tu. Ukihesabu, herufi na nafasi zake hazifiki arobaini, kwa hiyo simu haikikati. Kinasema ni kitu gani, kinatoka wapi na kipo kiasi gani. Neno "tu" lilikuwamo kwa sababu ndoo zilikuwa arobaini kweli. Zingekuwa mia nne, lingekuwa uongo. Kuna wanaoshauri kichwa cha hila, kama kuanza na "Jibu:" ili mtu adhani mlikuwa mkiandikiana. Marekani ilikwisha kupiga marufuku vichwa vya udanganyifu kwa sheria ya mwaka 2003. Kwetu mtu akishadanganywa hahitaji sheria. Hafungui ya pili.

Na barua yenyewe ilisema hivi: "Habari za siku, Bwana Fulani. Mwaka jana Sabasaba ulionja asali yetu ukatuandikia jina lako. Juma lililopita tumerina asali mpya, ndoo arobaini za lita tano. Ndoo moja ni shilingi 75,000, pamoja na nauli ya basi hadi Dar es Salaam. Ukitaka, jibu barua hii kwa neno NDIYO na idadi ya ndoo. Basi linaondoka Jumanne." Ikafuata picha moja ndogo ya mizinga juu ya mti, jina lake katibu, namba ya simu, sanduku la posta, na mstari wa mwisho: "Kama hutaki tena barua zetu, bofya hapa, hatutakusumbua." Basi.

Tazama ilivyo. Inamkumbusha mtu kwa nini anaandikiwa. Inaomba jambo moja tu. Mwanzoni mwenyekiti alitaka barua hiyo hiyo itangaze pia nta, maharage, na mkutano wa mwaka. Mpwa wangu alikataa, kwa sababu mtu akiulizwa maswali manne katika barua moja huiweka kando ili aijibu vizuri baadaye, na baadaye haifiki. Bei ipo wazi. Kisha mtu anaweza kuijibu. Siku hizi makampuni makubwa hupeleka barua kutoka anwani zinazosema usijibu, jambo ambalo mimi naliona sawa na kupiga hodi huku umeziba masikio. Kumbe kujibiwa kunasaidia hata mbele ya mitambo, maana barua inayojibiwa si taka.

Ndoo zote arobaini zilikwisha kabla ya Jumanne ya pili.

Baada ya hapo tukagombana tena, safari hii juu ya mara ngapi aandike. Yeye alitaka kila mwezi. Mimi nikasema asali hairinwi kila mwezi, kwa hiyo hana la kusema. Anyamaze mpaka msimu. Akanijibu kwamba akinyamaza mwaka mzima watu watamsahau, na siku atakayoandika watabofya taka. Sikuridhika, lakini asali ni yao. Nikamwacha.

Mwezi ambao hakuwa na asali ya kuuza aliandika juu ya kuganda. Wateja kadhaa walikuwa wamelalamika kwamba asali yao imekuwa nzito na nyeupe nyeupe, na wakahisi imetiwa sukari. Akawaeleza kwamba asali safi huganda yenyewe kwa sababu ya glukosi iliyomo, upesi au pole pole kufuatana na maua nyuki waliyoyatembelea na ubaridi wa mahali. Kwamba kuganda peke yake si dalili ya kuchakachuliwa. Na kwamba mtu akitaka iyeyuke aiweke chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, asiichemshe, maana moto mkali huiharibu ladha na harufu. Hakuuza kitu. Barua ile ilipata majibu mengi kuliko zote. Mmoja alikuwa ametaka kuitupa ndoo. Mwingine aliipeleka kwa jirani zake wawili, nao wakaomba waingizwe katika daftari, na hao waliingia kwa mlango.

Mwezi mwingine aliandika juu ya miti. Misitu iliyozizunguka kambi za mwaka 1994 ilikatwa sana kwa kuni, na nyuki bila maua hana cha kuchuma, ndiyo maana wanakikundi wengine hutembea mbali kufikia mizinga yao. Kwa mara ya kwanza wateja wa mjini wakajua kwa nini ndoo ni arobaini wala si mia nne. Nakiri kwamba mimi nilikosea na yeye alipatia. Alikuwa na la kusema kila mwezi, kwa sababu wateja wenyewe walikuwa wakimwuliza.

Watu wataniuliza, kwa nini asitumie WhatsApp? Anaitumia. Lakini hali anayoiweka pale hutoweka baada ya saa 24, na katika kundi kila mtu husema lake mpaka bei inapotea katikati ya kheri za siku ya kuzaliwa. Mwenye hoteli anataka barua anayoweza kumpelekea mhasibu.

Neno moja kuhusu hesabu. Kampuni za kupeleka barua humwonyesha mpelekaji ni watu wangapi walioifungua. Mpwa wangu alikuwa akinipigia simu kwa furaha, mjomba, leo wamefungua themanini! Hesabu hiyo siyo ya kuaminiwa sana. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya simu za Apple, kwa mwenye kuchagua ulinzi huo, hupakua picha za barua yenyewe hata kama mwenye simu hajaitazama, na kwa mtambo huonekana kwamba imefunguliwa. Wataalamu pia hushauri ugawe watu nusu kwa nusu, uwape vichwa viwili tofauti, uone kipi kinashinda. Kwa mwenye majina laki moja ni sawa. Kwa mwenye majina 118, tofauti ya watu watano inaweza kuwa ni bahati tu. Yeye sasa anahesabu ndoo na majibu, na waliojiondoa. Mpaka juzi walikuwa tisa. Jina la kila aliyeondoka hulifuta siku hiyo hiyo, na hamwandikii tena, hata kumwuliza sababu.

Ile orodha ya 2,000 aliyoinunua aliifuta pia. Zile elfu themanini hazikurudi. Yule kijana hapokei simu. Wenye maduka wa Mwanza wamerudi, baada ya kupigiwa simu mmoja mmoja na kuombwa wafungue sanduku la taka, waitoe barua, na waonyeshe kwamba si taka. Mwenye hoteli bado.

Barua ya mwezi huu niliipata Jumatatu asubuhi. Kichwa chake kilisema: Asali imeiva, ndoo 52. Nilijibu NDIYO, moja. Amenijibu kwamba nimeandika bila kulipa, na kwamba lipa namba ipo chini ya picha, mjomba, shikamoo. Nimelipa. Basi linafika kituo cha Magufuli, Mbezi, kesho alfajiri.